Jules Péan: Daktari aliyeondoa bandama na mgonjwa akapona

Huku kwetu, kuanzia Rungwe Mpya hadi Kibondo, mtu akisema kwamba mtoto wa fulani ana bandama, kila mmoja anaelewa. Tumbo limejaa upande wa kushoto, na mkono ukipapasa chini ya mbavu unakutana na kitu kigumu. Wengine huwahi zahanati. Wengine humpeleka mtoto akachanjwe chale juu ya tumbo na kupakwa dawa ya unga. Na lipo swali moja ambalo wazazi huuliza kwa sauti ya chini pale daktari anapotaja neno upasuaji: hivi bandama ikitolewa, mtu anaishi?

Jibu ni ndiyo, anaishi. Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1867, mjini Paris, Ufaransa, kwa mikono ya daktari aliyeitwa Jules Émile Péan. Lakini jibu hilo lina nusu ya pili, ambayo Péan mwenyewe alikufa bila kuijua. Leo katika maisha ya watu mashuhuri tunamsimulia yeye, kisha tunaeleza nusu hiyo iliyobaki, kwa sababu inatuhusu sana sisi tunaoishi na malaria.

Mtoto wa msaga nafaka

Péan alizaliwa Novemba 1830 katika kijiji cha Marboué, karibu na mji mdogo wa Châteaudun, kusini-magharibi mwa Paris. Baba yake alikuwa msaga nafaka, mwenye kinu cha kusaga ngano za wakulima wa eneo lile. Kijana huyo wa kijijini alisoma, akaingia Paris, na mwaka 1860 akapata shahada yake ya udaktari.

Ili tuelewe alichokifanya, inabidi tujue hali ya upasuaji wakati ule. Dawa za nusu kaputi zilikuwa zimeanza kutumika tangu miaka ya 1840, kwa hiyo mgonjwa aliweza kulazwa usingizi. Lakini kufungua tumbo bado kulikuwa jambo la kuogofya. Wagonjwa wengi walikufa kwa kutokwa damu nyingi pale mezani. Waliobaki, wengi walikufa siku chache baadaye kwa usaha na homa. Joseph Lister, daktari aliyefundisha dunia kuua vijidudu kwenye vidonda, alianza kuchapisha habari za njia yake mwaka huohuo wa 1867. Hakukuwa na dawa za antibayotiki. Hakukuwa na damu ya kuongezewa.

Ndiyo maana madaktari wengi wakubwa wa Paris walikuwa wakikataa kabisa kufungua tumbo. Péan hakukubaliana nao. Mwaka 1864 alimfanyia mwanamke upasuaji wa kuondoa uvimbe mkubwa wa kifuko cha mayai ya uzazi, na mgonjwa akapona. Jina lake likaanza kusikika.

Siku ya Septemba 1867

Septemba 1867 aliletewa msichana wa miaka 20 mwenye tumbo lililojaa. Wakati huo hakukuwa na kipimo cha ultrasaundi wala picha ya eksirei. Daktari alitegemea mikono yake, masikio yake na uzoefu wake. Péan alipapasa na kuamini kwamba huu ni uvimbe wa kifuko cha mayai, kama ule aliouondoa miaka mitatu nyuma.

Alipofungua tumbo akakuta alikuwa amekosea. Kifuko cha mayai kilikuwa salama. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye bandama: mfuko mkubwa uliojaa maji, usio saratani, ambao ulikuwa umekua hadi kulijaza tumbo. Aliyatoa maji yaliyokuwa ndani, lakini mfuko wenyewe ulikuwa umeshikana na bandama kiasi kwamba hakuweza kuutenganisha.

Hapo ndipo alipofika njia panda. Angeweza kushona tumbo na kumwacha binti na uvimbe wake. Au angeweza kuiondoa bandama yote, jambo ambalo lilikuwa na historia mbaya. Huko Ujerumani, Quittenbaum alikuwa amejaribu mwaka 1826, mgonjwa akafa. Küchler alijaribu mwaka 1855, mgonjwa akafa. Huko Uingereza, Spencer Wells, mmoja wa wapasuaji hodari wa enzi zile, alijaribu mwaka 1865. Mgonjwa wake naye alikufa siku chache baadaye.

Péan alichagua kuitoa. Alifunga mishipa ya damu mmoja baada ya mwingine, akaikata bandama na kushona tumbo. Msichana yule akapona. Huo ndio upasuaji unaohesabiwa kuwa wa kwanza Ulaya ambao bandama iliondolewa kwa sababu ya uvimbe na mgonjwa akabaki hai, akarudi nyumbani.

Kwa kipimo cha historia yetu, hiyo ilikuwa chini ya miaka miwili kabla David Livingstone hajafika Ujiji kwa mara ya kwanza, Machi 1869.

Mkono unaobana damu

Kazi ya Péan haikuishia kwenye bandama. Tatizo kubwa lililomsumbua lilikuwa damu. Bandama ni kiungo kinachopitisha damu nyingi sana, na mshipa mmoja ukiponyoka mkononi mwa mpasuaji, mgonjwa anaweza kufa kwa dakika chache. Péan alieneza matumizi ya koleo ndogo zenye meno ya kujifunga, ambazo huubana mshipa na kubaki zimeushika zenyewe huku mikono ya daktari ikiwa huru kuendelea na kazi.

Hapa pia alionekana kuwa mtu mwenye kupenda sifa. Daktari mwingine, Eugène Koeberlé wa mji wa Strasbourg, alidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia kutumia koleo za namna hiyo. Wawili hao walibishana kwa miaka juu ya nani wa kwanza. Sisi hatutaamua kesi yao. Tunachojua ni kwamba hadi leo, ukiingia chumba cha upasuaji popote, hata kwa mama anayejifungua kwa njia ya upasuaji, utakuta koleo za namna hiyo zimepangwa kwenye sinia.

Péan alifanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Saint-Louis mjini Paris. Madaktari kutoka nchi nyingi walikuja kumtazama akipasua, naye alifanya kazi akiwa amevaa suti nyeusi ya kiheshima. Wachoraji nao walimfuata. Henri Gervex alimchora mwaka 1887 akiwafundisha wenzake pembeni ya kitanda cha mgonjwa, na Toulouse-Lautrec alimchora mwaka 1891 akiwa kazini.

Si kila alichojaribu kilifanikiwa. Mwaka 1879 alimkata mgonjwa sehemu ya tumbo la chakula kwa sababu ya saratani, na mgonjwa akafa baada ya siku chache. Mwaka 1893 alitibiwa kwake mwoka mikate ambaye bega lake lilikuwa limeliwa na kifua kikuu cha mifupa. Wakati ule dawa ya hali kama hiyo ilikuwa kuukata mkono wote. Mtu yule aliishi kwa mikono yake, na Péan akamwekea bega la bandia lililotengenezwa kwa madini ya platinamu na mpira mgumu. Liliweza kukaa kwa takriban miaka miwili, kisha likalazimika kutolewa kwa sababu ya maambukizi. Hata hivyo, lilikuwa miongoni mwa viungo vya bandia vya kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa binadamu.

Mwaka huo wa 1893, baada ya kustaafu Saint-Louis, alijenga hospitali yake mjini Paris kwa fedha zake. Alikufa Januari 1898, akiwa na miaka 67.

Jambo ambalo Péan hakulijua

Péan alikufa akiamini, kama wengi wa zama zake, kwamba bandama ni kiungo ambacho mwili unaweza kuishi bila kukihitaji. Wazo hilo ni la kale. Hata Aristotle wa Ugiriki hakuiona bandama kuwa kiungo cha lazima. Baada ya mafanikio ya mwaka 1867, madaktari walizidi kuitoa: kwa uvimbe, kwa ajali, kwa magonjwa ya damu. Mgonjwa akitoka wodini anatembea, kazi ilihesabiwa imekwisha.

Mwaka 1952 ndipo mambo yalipobadilika. Madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, walitoa taarifa ya watoto wachanga watano waliotolewa bandama kwa sababu ya ugonjwa wa damu. Watoto hao baadaye walipatwa na maambukizi makali ya ghafla. Baada ya hapo taarifa za namna hiyo zilikuja kutoka sehemu nyingi.

Ikafahamika kwamba bandama ni mlinzi. Ukubwa wake kwa mtu mzima mwenye afya ni kama ngumi, na uzito wake ni karibu gramu 150. Imejificha chini ya mbavu za kushoto. Damu inapopita humo, bandama huondoa chembe nyekundu zilizozeeka na hukamata bakteria wanaosafiri ndani ya damu, hasa wale wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Husaidia pia kusafisha chembe zilizoingiwa na vimelea vya malaria. Mtu asiye na bandama anaishi, analima, anazaa. Lakini homa ambayo kwa jirani yake ni ya siku tatu, kwake inaweza kuua ndani ya saa 24.

Hii ndiyo nusu ya pili ya jibu. Kwa mtu wa Paris ni jambo zito. Kwa mtu wa Kigoma, mkoa ambao kwa miaka mingi umekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, ni zito zaidi.

Si kila bandama kubwa ni uvimbe

Kabla ya kuzungumza juu ya kisu, tutenganishe mambo mawili ambayo huku kwetu tunayaita kwa jina moja.

Kwanza, kuna bandama iliyokua yote kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Malaria ya kurudiarudia ndiyo sababu inayojulikana zaidi. Kichocho cha tumbo nacho huikuza, na selimundu huikuza kwa watoto wadogo. Hapo dawa ni kutibu ugonjwa wenyewe, na mara nyingi bandama hupungua taratibu bila upasuaji.

Pili, kuna uvimbe ulioota ndani ya bandama, kama ule wa msichana wa Péan. Uvimbe usio saratani ni wa aina kadhaa. Kuna mifuko ya maji ambayo mtu huzaliwa nayo. Kuna mifuko inayobaki baada ya kuumia, kwa mfano mtu aliyeanguka na pikipiki au kupigwa teke na ng'ombe, damu ikavilia ndani na baadaye ikawa maji. Kuna mifuko inayoletwa na minyoo tegu ya mbwa, ambayo katika Afrika Mashariki inajulikana zaidi kwa jamii za wafugaji kama Waturkana wa Kenya. Na kuna mafundo ya mishipa ya damu, ambayo ni ya kawaida zaidi kati ya uvimbe mgumu usio saratani.

Kwa kupapasa pekee huwezi kuyatenganisha haya. Hata Péan alikosea. Leo tuna ultrasaundi, kipimo kisichouma, na hospitali kubwa zina picha za CT.

Njia alizonazo mpasuaji leo

Uvimbe ukiwa mdogo na haumsumbui mgonjwa, mara nyingi hauguswi. Daktari humtaka arudi baada ya miezi kadhaa apimwe tena kwa ultrasaundi kuona kama umekua. Mgonjwa asidhani amepuuzwa. Kusubiri kwa kupima ni sehemu ya tiba.

Uvimbe ukiwa mkubwa, hasa ukizidi sentimita 5, ukiuma, ukibana tumbo hadi mtu anashiba haraka, au ukiwa na hatari ya kupasuka, upasuaji hufikiriwa. Hapo njia ni hizi.

Njia ya kwanza ni kukata paa la mfuko wa maji na kuyamwaga, bandama ikabaki mahali pake. Ni njia nyepesi, lakini wakati mwingine mfuko hujaa tena. Kunyonya maji kwa sindano pekee hurudisha tatizo mara nyingi zaidi, na kama mfuko ni wa minyoo ya mbwa, kuutoboa ovyo ni hatari, kwa kuwa maji yake yakimwagika tumboni yanaweza kusababisha mshtuko wa mwili na kusambaza ugonjwa.

Njia ya pili ni kukata ile sehemu yenye uvimbe na kuacha iliyobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa Brazil, Marcelino Campos Christo, alionyesha kwamba bandama ina sehemu zenye mishipa yake, kwa hiyo inawezekana kukata moja na kuacha nyingine hai. Ikibaki angalau robo yake, ulinzi wake mwingi unaweza kuendelea. Njia hii inahitaji mpasuaji mzoefu na damu ya akiba.

Njia ya tatu ni ile ya Péan, kuitoa yote. Hufanyika pale uvimbe umeenea kote, au umekaa penye mishipa mikubwa, au bandama imepasuka na damu haizuiliki. Hapo kuokoa uhai huja kwanza.

Njia zote hizi zinaweza kufanywa kwa kufungua tumbo, au kwa upasuaji wa matundu madogo unaotumia kamera. Bandama ilianza kutolewa kwa matundu madogo mwaka 1991, na mmoja wa miji ya kwanza ulikuwa ni Paris ileile. Mgonjwa hupona haraka, lakini vifaa hivyo haviko kila hospitali.

Kwa sisi wa Kasulu na Kibondo, safari ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, kwenda hospitali ya wilaya, kisha Maweni mjini Kigoma, na kwa upasuaji mgumu zaidi, Bugando jijini Mwanza. Ni safari ndefu na ina gharama. Ni bora ianze mapema, mgonjwa akiwa anatembea.

Maswali ya kumuuliza daktari

Ukifika mbele ya mpasuaji, una haki ya kuuliza. Uvimbe huu ni wa aina gani? Unaweza kusubiriwa? Inawezekana kuacha sehemu ya bandama? Na kama itatolewa yote, chanjo nitapata lini?

Swali hilo la mwisho ni kubwa. Anayepangiwa kutolewa bandama anatakiwa achanjwe dhidi ya bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo, ikiwezekana wiki mbili au zaidi kabla ya upasuaji. Aliyepasuliwa kwa dharura huchanjwa baadaye, mara nyingi baada ya wiki mbili.

Aliyetolewa bandama aishi na mambo matatu. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na amuulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria. Atumie antibayotiki kama alivyoandikiwa, hasa mtoto. Na akipata homa, hata usiku wa manane, aende hospitali saa hiyohiyo na aseme kwanza kabisa kwamba hana bandama. Atembee na karatasi yenye maelezo hayo, na watu wa nyumbani wajue.

Tunaomba pia jambo moja kwa wazazi. Chale juu ya tumbo hazifiki kwenye bandama. Zinachofanya ni kufungua mlango wa vidonda na kuchelewesha kipimo. Na bandama iliyovimba haifai kukandwa wala kuminywa, maana inaweza kupasuka. Mtu mwenye bandama kubwa akianguka au kupigwa, kisha akasikia maumivu makali upande wa kushoto au begani kushoto, kizunguzungu na jasho la baridi, hiyo ni dharura. Bodaboda ya usiku ni bora kuliko kungoja kupambazuke.

Msichana wa mwaka 1867 hakuwa na chanjo, wala antibayotiki, wala kipimo cha kumwambia ana nini. Alikuwa na daktari aliyekosea kutambua ugonjwa, kisha akathubutu, na akapona. Mtoto wa Rungwe Mpya mwenye uvimbe kwenye bandama ana mengi zaidi ya yale aliyokuwa nayo yule binti. Kinachobaki ni kumfikisha mapema panapopimwa, na kabla kisu hakijashikwa, kuuliza ni kiasi gani cha bandama kinaweza kuachwa.